Kuku Mgeni na Kamba Mguuni

JUMATANO

Soma Matendo 9:26–28. Kwa nini wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa Sauli? Barnaba alifanya nini?

Mfugaji wa Lushoto akinunua mitetea gulioni Soni, hawafungulii tenga katikati ya kundi lake jioni ileile. Huwatenga wiki mbili hadi nne, akiangalia macho, kinyesi na pumzi, kwa maana kideri kikiingia bandani huweza kumaliza kundi zima. Kisha huwaweka nyuma ya wavu, waonane na wenyeji bila kugusana. Siku ya kuwachanganya huwaingiza usiku, wenzao wakiwa wamelala, na asubuhi huongeza chombo cha chakula na cha maji. Anajua kwamba wenyeji watawadonoa wageni. Chombo kikiwa kimoja, mgeni atashinda njaa huku pumba zipo.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini kamba hiyo ni ya muda. Ikisahauliwa hukata mguu.

Darasa la ubatizo ni jambo jema, na hofu ya wanafunzi ilikuwa na sababu: Sauli aliwatesa. Lakini mara nyingi hatari huanza baada ya ubatizo. Mshiriki mpya hana wa kuketi naye, hapewi kazi, na maisha yake ya zamani hutajwa kila anapokosea. Miezi michache baadaye nafasi yake ni tupu, na kanisa husema, "Hakuongoka kweli." Je, aliwekewa chombo chake?

Mfugaji anajua jambo jingine pia: kuku mwenyeji huweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili, akamwambukiza mgeni aliyekuja mzima. Masengenyo ya siku nyingi huambukiza vivyo hivyo.

Barnaba hakungoja Sauli ajitetee. Alimpeleka kwa mitume, akamsemea. Baadaye alimfuata mpaka Tarso, wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima (Matendo 11:25, 26). Sauli alipata mtu wa kumsemea, kisha akapata kazi.

Tafakari: Mtaje moyoni mtu mmoja aliyebatizwa mwaka huu katika kanisa lako. Sabato ijayo ataketi na nani, na atakula kwa nani?

Kwa majadiliano: Kanisa litalindaje kundi bila kumwacha mgeni amefungwa kamba? Ni ugonjwa gani wa wenyeji unaohitaji kutibiwa kwanza?