Mzazi Akilala, Nani Anapika?

Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ilianza kuwapa akina mama wanaojifungulia hospitali za umma kifurushi cha vitu 16. Vingi vilikuwa vya mtoto: taulo, chandarua, mafuta, vitu vya kuchezea. Vya mama vilikuwa vichache, na kimojawapo kilikuwa legiyam, dawa nzito ya kulambwa iliyopikwa kwa tangawizi kavu.

Mimi nilikutana na legiyam kikazi. Huwa naandika maneno ya kuuzia bidhaa za watu mtandaoni, na mteja mmoja alitaka maneno mia tatu kuhusu kopo la dawa ya "mama mpya". Nikaanza kusoma, nikasoma kupita malipo.

Dawa hiyo ni ya Siddha, tiba ya Watamil, ambayo kwa jadi yao ililetwa na wahenga 18, Agathiyar akiwa wa kwanza. Usidhani ni mambo ya vichochoroni. Ina taasisi yake ya kitaifa pale Tambaram, Chennai, na iko chini ya wizara ya serikali ya India. Kwa hesabu ya Siddha, mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vatham, ambayo ni upepo; pitham, ambayo ni joto; na kapam, ambayo ni majimaji. Kuzaa kunaivuruga vatham. Damu imetoka, tumbo limeachwa wazi, baridi inapata mlango. Kwa hivyo mzazi (nasema mzazi kwa ile maana ya Pwani, mwanamke aliyetoka kujifungua) anapashwa joto kutoka kila upande. Anaogeshwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya nochi. Tumbo linafungwa kwa kitambaa cha sari kuukuu, na hapo watu wa Mombasa watasema, si huo ni mkaja? Nywele zinakaushwa kwa moshi wa sambrani, utomvu unaonukia kama ubani. Chakula chake kinapikwa kando: mchuzi wa pilipili manga na kitunguu saumu, maziwa yaliyochemshwa na kitunguu saumu, nyama ya papa iliyochambuliwa ili maziwa yatoke. Halafu kijiko cha legiyam, ndani yake tangawizi, pilipili ndefu, sukari guru, samli na mafuta ya ufuta.

Inafanya kazi? Chakula moto chenye mafuta na protini kwa mtu aliyepoteza damu, sioni ubishi hapo. Moshi kwenye mapafu ya mtoto wa siku tano ni moshi tu, hata ukinukia vizuri. Na Siddha ina dawa nyingine za zebaki na madini. Hizo si za kuagiza mtandaoni ukiwa unanyonyesha. Tuendelee.

Kilichonishika ni sababu ya mzazi kupumzika. Kwa desturi ya Kitamil, mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwa mama yake kujifungua, na baada ya hapo anakaa wiki kadhaa bila kugusa jikoni. Anapumzika, sawa. Lakini hagusi jikoni pia kwa sababu ana theettu, yaani najisi ya damu. Haingii hekaluni. Hasogelei pale nyumbani wanaposali. Neno lililomwambia ulale ndilo hilo hilo lililomwambia wewe ni mchafu.

Sisi vijana wa mjini tuna jibu la haraka: ondoa theettu, bakiza supu. Nakubali, damu ya uzazi si uchafu. Lakini angalia kilichotokea tulipoliondoa neno. Mwanamke aliyekuwa mchafu kwa siku arobaini alikuwa na kisingizio ambacho hata mama mkwe mkali hakuweza kukipinga. Wa leo ni msafi, na kwa sababu ni msafi, siku ya nne anaweza kuosha vyombo. Tulimvua aibu tukamrudishia sufuria. Sisemi turudishe najisi. Nauliza kwa nini jamii nyingi hazikuwahi kumpumzisha mwanamke bila kwanza kumtukana.

Halafu kuna mtu ambaye kopo la dawa halimtaji. Zamani aliyemzalisha na kumwogesha mzazi wa Kitamil alikuwa maruthuvachi, mkunga wa jadi, mara nyingi kutoka tabaka la vinyozi. Alishika damu ambayo wengine hawakutaka kuishika, na kwa kuishika akahesabiwa mchafu maisha yake yote. Naye alizaa. Sijui kama kuna kitabu kilichojali nani alimchemshia majani ya nochi. Leo zaidi ya asilimia 99 ya wanawake wa Tamil Nadu hujifungulia kwenye vituo vya afya, kazi yake imekwisha, na mapishi yamebaki yakiuzwa kwenye makopo. Lakini legiyam inalambwa sekunde mbili. Dawa yenyewe ilikuwa ule mwezi ambao mtu mwingine alifua, akapika, akaamka usiku. Mwezi huo hauingii kwenye kifurushi.

Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa miezi mitatu ya uzazi yenye mshahara. Mama mboga hana mwajiri wa kumpa hata siku mbili. Dada yangu anauza nguo za mitumba, na alipojifungua, mathe alikuwa mbali akimuuguza guka. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, mchana niko tu, basi kazi ikanifikia. Nilichemsha njahi hadi nikaichukia harufu yake. Nilipika uji, nilifua nepi, nilibeba mtoto korido nzima ya ploti dada akilala usingizi wa mawe. Majirani walinisifu kwamba nina moyo. Moyo gani, nilikuwa sina kazi! Uzuri wa uzazi wake ulilipwa na ukosefu wangu wa ajira, na kila nikisoma kuhusu mapishi ya akina mama wa Chennai huwa natafuta huyo mtu pembeni, binti ambaye hajaolewa au shangazi mjane, ambaye muda wake ulionekana ni wa bure.

Siku ya 26 nilipata kibarua cha wiki mbili Industrial Area. Dada alinifungia chapati za kubeba, amezipika mwenyewe, alfajiri, mtoto akiwa mgongoni.