Jua Tuyaachie Mashuka

Leo Jumatatu, na katika nyumba kadhaa za Dar es Salaam nguo za kuogelea za jana bado zimo kwenye mfuko wa plastiki, mbichi, zimejikunja na mchanga wa Coco Beach. Kazitoe, nakusubiri.

Nguo hizi huvutika kwa sababu ya spandeksi, uzi uliobuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont, Marekani. Uzi huo hauwezani na klorini ya bwawani, wala joto, wala jua kali. Ndiyo maana kaptura ya mtoto hulegea kiunoni kabla mwenyewe hajaongezeka kimo.

Isuuze nguo yako ya kuogelea kwa maji baridi mara utokapo majini. Nyumbani ifue kwa mkono, sabuni isiyo kali. Jiki usiisogeze, nayo ina klorini. Usiikamue kwa kuisokota: iviringishe ndani ya taulo, ubonyeze. Kisha ilaze kivulini penye upepo, maana ikining'inia na maji yake itarefuka. Najua, sisi kuanika ni juani. Safari hii hapana. Na anayeogelea kila siku awe nazo mbili, moja ipate kupumzika.