Sahani Iliyovunjika Mbele ya Wageni



Ndugu zangu katika imani, Anas bin Malik (r.a.) ametusimulia kisa ambacho Imamu Bukhari amekipokea katika Sahihi yake. Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na masahaba wapo. Mke mwingine akamtuma mtumishi alete sahani ya chakula. Bibi mwenye zamu, ambaye wanazuoni wengi wanasema ni Mama Aisha (r.a.), akaupiga mkono wa mtumishi yule. Sahani ikaanguka, ikapasuka, chakula kikamwagika mbele ya wageni.

Mtume wa Mwenyezi Mungu akaviokota vipande kwa mikono yake mwenyewe, akavikusanya, akakizoa kile chakula akakirudisha humo, huku akiwaambia masahaba kuwa mama yao ameshikwa na wivu. Akawaambia wale. Wakala. Kisha akamzuia mtumishi asiondoke mpaka ikatolewa sahani nzima kutoka nyumba ile ile, akampa aipeleke kwa mwenyewe, na ile iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja.

Tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Haki haikupotea: sahani ililipwa siku hiyo hiyo. Wala mlo haukuharibika: wageni walikula. Mke hakutahayarishwa mbele ya wanaume, na mtumishi hakurudi mikono mitupu akapate karipio huko alikotoka. Ajali ile ilipewa kiasi chake, ikaishia hapo.

Sisi majumbani mwetu mambo haya tunayajua. Gesi inakwisha pilau iko motoni, maduka ya jirani yamefungwa. Umeme unakatika na friji imejaa kitoweo cha wiki nzima. Pampu ya maji inaungua siku ile ile wageni wa harusi wanashuka garini na mabegi. Mtoto anaamka na homa alfajiri ya Iddi, kanzu yake mpya imetundikwa mlangoni na kofia juu yake. Hakuna nyumba iliyoandikiwa raha mtindo mmoja, hata nyumba ya Mtume. Linalotofautisha nyumba na nyumba ni dakika zile za kwanza.

Mtume (s.a.w.) alimpitia mwanamke analia kaburini, akamuusia amche Mungu na asubiri. Yule mama, kwa uchungu na kwa kutomjua, akamjibu kwa ukali. Alipoambiwa kuwa yule ni Mtume, alimfuata kutaka radhi, naye akamfundisha kuwa subira ni ile ya pigo la mwanzo. Subira ya kesho yake, hasira zikishapoa na fundi akishaondoka, kila mtu anaiweza. Kinachopimwa ni ulimi wako maji yanapofurika sebuleni na kapeti inaelea.

Na ulimi wetu wakati huo husema nini? "Nilikwambia tangu juzi!" "Ungenisikiliza yasingetokea haya!" "Nyumba hii kila kitu mpaka niwepo mimi!" Maneno haya hayajapata kuziba bomba hata moja. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Muslim, ametuamrisha tufanye pupa juu ya lenye kutunufaisha, tumtake msaada Mwenyezi Mungu wala tusijilegeze; na likishatupata la kutupata, ametukataza kusema lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, maana hapo ndipo shetani anapopata kazi. Tuseme Mwenyezi Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya. Oneni mafundisho haya yalivyokamilika. Hayakuambii ukae kitako useme ni kudra. Funga maji kwanza, mwite fundi, mpeleke mtoto hospitali, kisha hesabu za nani alikosea ziache. Wengi wetu tunaanza na hesabu.

Bomba limekwisha kukutoa pesa uliyokuwa huna mpango nayo. Hiyo ni haki yake, limechukua. Kwa nini ulipe na kicheko cha watoto, na mazungumzo ya mkeo baada ya Isha, na usingizi wako? Nimeona nyumba ambayo hasara ya siku moja imekuwa ugomvi wa miezi, na ukiuliza chanzo utaambiwa ni simu ya mtoto iliyoingia kwenye ndoo ya maji. Inauma kuona ndoa inatikiswa na kitu kama hicho.

Upande wa pili wa mizani, ule wa raha, nao ni sisi wenyewe tunaouharibu. Katika Surat Al-A'raf, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tunywe bila ya kufanya israfu, na hapo hapo akawakemea wanaoharamisha mapambo na vitu vizuri alivyowatolea waja wake. Raha ya halali si dhambi. Kahawa na kashata barazani, samaki wa kupaka Ijumaa, safari ya kwenda kumwona bibi shamba: kuleni, furahini, shukuruni. Lakini katika Surat Al-Furqan waja wa Rahmani wamesifiwa kwamba wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, wako kati na kati. Sasa mtu anayekopa ile mikopo tuliyoibatiza kausha damu ili ashone sare za sherehe tatu mwezi mmoja, homa ya mtoto itamkuta hana hata nauli ya bajaji. Ataiita ile homa balaa. Homa ni mtihani wa kawaida wa binadamu. Kilichoifanya iwe balaa ni sare. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu akina mama wengi wanaolia mbele ya maimamu wetu wanalia kwa deni, ugonjwa ulikuja baadaye.

Lipo tukio jingine nataka mlichukue mwende nalo majumbani. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kuwa Mtume alitoka nje, akawakuta Abu Bakr na Umar. Akawauliza kilichowatoa majumbani saa ile. Wakasema ni njaa. Akaapa kuwa na yeye kimemtoa hicho hicho. Wakaenda kwa mtu mmoja katika Ansari, wakamkosa. Mkewe akawakaribisha kwa bashasha, akasema mume kaenda kuteka maji matamu. Mume akarudi, akawaona, akamhimidi Mwenyezi Mungu kuwa leo hakuna mwenye wageni bora kuliko yeye. Akawaletea kishada chenye tende mbichi, kavu na mbivu, wale kwanza. Akashika kisu, na Mtume akamtahadharisha asichinje mnyama mwenye kukamuliwa. Wakala nyama, wakala tende, wakanywa maji.

Walipokwisha shiba, Mtume akawaambia kwamba wataulizwa Siku ya Kiyama juu ya neema ile: njaa iliwatoa majumbani, na hawakurudi mpaka wameipata. Njaa na kushiba vimekutana siku moja, kwa watu bora wa umma huu. Njaa haikuwazuia kupokea chakula kwa furaha, na furaha haikuwasahaulisha kuwa kuna kuulizwa. Hata katika kuchinja, Mtume alikumbuka maziwa ya kesho ya familia ile.

Na asidhani mtu kuwa kucheza na wanawe kunampunguzia imani. Hanzala (r.a.), aliyekuwa katika waandishi wa Mtume, alijihofia unafiki kwa sababu akiwa kwa Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho, na akirudi kwa mkewe, watoto na mali hushughulika nao akasahau mengi. Abu Bakr naye akakiri kuwa hali yake ni hiyo. Mtume akawajulisha kuwa lau wangedumu katika hali ile, malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani. Lakini kuna saa na saa. Akamkariria Hanzala hivyo mara tatu.

Basi anayekwenda leo kukuta kitu kimeharibika nyumbani, aingie kwa salamu kwanza, ndipo aulize kilichotokea. Na aliyemkasirikia mkewe au mumewe kwa hasara ya juzi, asilale nayo leo.

Ewe Mola wetu, tujaalie tulizo la macho katika wake zetu, waume zetu na watoto wetu, tukinge na deni linalotushinda, na ulimi unaotutangulia. Amin.