Hati Katika Chombo cha Udongo



Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, alimwamuru Baruku aweke hati katika chombo cha udongo ili zidumu (Yer. 32:14). Nao mji ulikuwa umezingirwa!

Magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, mengine yalikuwa mitungini, yakadumu kama miaka 2,000. Miaka ya 1950 wataalamu wakaunga vipande kwa utepe wa gundi, gundi ikayadhuru.

Basi ndugu zangu, rejista yetu ya ubatizo isibandikwe utepe wala kuanikwa juani. Iinuliwe kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu. Mchwa wa hapa Genkuru hawachagui kitabu, na majina ya bibi zetu wengine hayakuandikwa penginepo.