Tunda Lisilo na Mchango



Leo sina mahubiri marefu. Nina stori ya tunda, na ndani ya stori hiyo kuna kosa langu. Kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa dada mhusika. Akasema, "Andika tu Frateri, ila jina langu usiweke." Kwa hiyo jina halipo. Na ukidhani unamjua, naomba usimuulize.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu tulitoka na vijana wa parokia kwenda kutembea katika Msitu wa Mgori, kaskazini-mashariki mwa Singida mjini. Mimi niko kwenye mwaka wa kichungaji. Falsafa nimemaliza, teolojia bado. Kwa asiyeufahamu, Mgori ni msitu wa miyombo wa takriban hekta 40,000. Miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyopakana nao vilikubaliana kuulinda, kila kijiji na upande wake, walinzi wakitoka humohumo kijijini. Ukiingia mle mwezi wa pili, mvua zikiwa zimenyesha vizuri, unajiuliza kama hii ndiyo Singida ileile ya mawe na jua kali. Kila kitu kijani. Njia inanukia udongo na majani mapya.

Mchango wa safari ulikuwa shilingi 10,000: nusu nauli, nusu chakula. Aliyepanga kiasi hicho ni mimi. Asubuhi mtunza hazina akaninong'oneza kwamba dada mmoja ametoa 5,000 tu, ya nauli. Chakula hatakula, amefunga. Kiukweli nilifurahi. Kabla ya kuanza kutembea nikawakusanya vijana, nikatoa tafakari fupi juu ya maongozi ya Mungu, na mwishoni nikamtaja yule dada mbele ya wote. "Mnamwona mwenzenu? Kwaresima haijaanza, yeye ameshaanza kufunga. Huo ndio ukomavu wa imani." Wakampigia makofi. Yeye akainamisha kichwa. Nikadhani ni unyenyekevu.

Tukatembea kama saa tatu. Aliyetuongoza ni mzee mmoja wa kijijini, mtu wa maneno machache, anayejua kila mti kwa jina. Mahali fulani msitu ulipoachia uwazi kidogo, akasimama na kunyoosha fimbo. "Topetope mwitu hilo. Limeiva."

Kama hujawahi kuliona: ni mti mdogo, majani mapana ya mviringo, na matunda yake hayazidi sana ukubwa wa yai la kuku. Yakiiva yanageuka rangi ya njano inayoelekea chungwa, yana vinundu, na yanatoa harufu kama ya nanasi. Unapasua kwa vidole, unafyonza nyama yake laini, mbegu unatema. Ni ndugu wa stafeli na topetope la bustanini. Hao wawili asili yao ni Amerika, na sokoni tunawanunua kwa heshima. Huyu wa porini ni Mwafrika halisi, lakini tunamwita tunda la watoto wa kuchunga mbuzi.

Basi bwana, tukauvamia ule mti. Mimi nikatoa simu, nikapiga picha za status, halafu nikafungua begi nikaanza kujaza. Niliwaza kuwapelekea watu wa parokiani waone. Mzee akanisogelea taratibu. Hakupaza sauti. "Frateri, ya kula ni yako. Ya kubeba ni ya wanaokuja nyuma."

Nikaona aibu, nikayarudisha chini. Na nilipogeuka ndipo nilipomwona yule dada.

Alikuwa amechuchumaa pembeni ya mti, anakula. Siyo kuonja kama sisi. Alikuwa anakula haraka, mikono miwili, kama mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana. Kijana mmoja naye akamwona, akacheka: "Dada, si ulisema umefunga?" Wengine wakageuka. Msitu mzima kama ulinyamaza. Yule dada aliacha kutafuna, tunda likabaki mkononi.

Mzee ndiye aliyeokoa jahazi. "Mwacheni mtoto ale," akasema. "Mwezi huu maghala mengi hayana kitu, na mahindi bado yako shambani. Hata mimi nilipokuwa mdogo, mwezi huu tuliishi kwa matunda haya." Akachuma mengine mawili, akampa. Kisha akaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Vijana wenzangu, nilisoma falsafa miaka mitatu. Swali la Mtakatifu Thoma wa Akwino kuhusu wizi nililijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri: kwamba mtu aliye katika dhiki kuu akichukua kinachomwokoa hatendi dhambi ya wizi, kwa sababu Mungu aliziweka mali za dunia zitosheleze mahitaji ya wote. Nililijua jibu. Ila mwenye njaa alisimama mbele yangu asubuhi, hatua mbili tu, nami nikampigia makofi.

Jioni ile nilifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, aya mbili za mwisho. Sheria ile inamruhusu mtu apitaye katika shamba la mizabibu la jirani ale zabibu mpaka ashibe, ila asitie chomboni. Katika shamba la ngano aweza kukwanyua masuke kwa mkono, ila asipeleke mundu. Nilibaki nimeduwaa. Yule mzee alikuwa ameniambia Torati porini bila kufungua kitabu. Tumbo la mwenye njaa lina haki shambani. Begi la mwenye tamaa halina.

Na ni kwa sheria hiyo wanafunzi wa Yesu walipita kwenye mashamba siku ya Sabato, wakaona njaa, wakala masuke. Mathayo anatueleza katika sura ya 12. Mafarisayo waliona kanuni iliyovunjwa. Yesu aliona watu wenye njaa. Siku zote nikisoma Injili hii najiweka upande wa wanafunzi. Safari hii nilijua mahali pangu: nilikuwa Farisayo mwenye tabasamu, yule anayesifia mfungo wa mtu bila kumuuliza kama ana unga nyumbani.

Siku ya pili, baada ya Misa, nilimtafuta yule dada nikamwomba msamaha. Alinieleza kwa kifupi. Unga ulikuwa umeisha tangu Alhamisi, kilichobaki walipewa wadogo zake. Alitaka sana kwenda na wenzake, akakopa ile nauli. Neno "nimefunga" lilikuwa njia pekee ya kuepuka maswali. Halafu akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Frateri, njaa nimeizoea. Kilichoniuma ni ulivyonisifia."

Sikuwa na la kujibu. Sina hata leo.

Yesu anatufundisha kwamba tukifunga tupake mafuta kichwani na kunawa uso, watu wasijue (Mt 6). Kuna wanaoficha mfungo wao ili Baba peke yake aone. Lakini kuna wanaoficha njaa yao ndani ya mfungo, na hao sisi wenyewe ndio tumewafundisha kujificha, kwa michango yetu, sare zetu, na utaratibu wetu wa "asiyechangia asije". Nabii Isaya, sura ya 58, anasema wazi kwamba mfungo ambao Bwana anautaka ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Sasa jiulize: nikifunga Kwaresima siku arobaini, kile nisichokula kinakwenda wapi? Kama kinabaki kabatini kikisubiri Pasaka, hapo sijafunga. Nimeahirisha kula.

Kwetu tumebadilisha mambo machache, si makubwa. Safari na semina za vijana sasa zina bahasha moja isiyoandikwa jina: mwenye nacho anaweka alichonacho, asiye nacho anaweka bahasha tupu, na hakuna anayejua. Chakula kinapikwa cha wote. Je, inatosha? Hapana. Safari ya kwanza tulipungukiwa na fedha, ikabidi tule ugali na mlenda badala ya pilau. Ila tulikula wote, na yule dada alikuwepo, akapika, akatucheka tusiojua kusonga ugali.

Naomba Kwaresima hii ufanye jambo moja tu. Katika kikundi chako, kwaya yako, jumuiya yako ndogo ndogo, mtafute yule anayesema "nimeshiba", "sijisikii kula", "nitakuja siku nyingine". Usimsifie, na usimhoji mbele za watu. Kaa karibu naye. Mwalike nyumbani, mle pamoja, halafu mwache aseme akitaka mwenyewe.

Ule mti wa Mgori haukuomba mchango wa mtu. Haukuuliza nani amefunga na nani ana njaa. Uliiva kwa wakati wake, katika mwezi wa uhaba, ukainamisha matawi kwa kimo cha mtoto. Mungu alikuwa amekwisha kuandaa meza kabla mimi sijapanga bajeti. Kitu pekee alichohitaji kwangu ni kutojaza begi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewatetea rafiki zako walipokula masuke shambani, utupe macho ya kuona njaa iliyojificha. Utusamehe makofi tuliyopiga mahali palipohitaji mkate. Utufundishe kula kwa shukrani na kuwaachia wanaokuja nyuma. Amina.

Kwaresima njema, ndugu zangu. Mniombee na mimi.