Haki ya Mwenye Nyumba na Haki ya Mpangaji

Ndugu Waislamu, mwenye nyumba husali safu moja na mpangaji wake, kisha akenda akautia kufuli mlango wake na watoto wako nje. Na mpangaji naye huificha kodi, akaapa kuwa hana. Wote wawili ni madhalimu.

Jueni kuwa kupangisha ni ijara, na ijara ni mkataba. Sharti yake kodi ijulikane na muda ujulikane. Paa likivuja, na mwenye nyumba akataa kulitengeneza, katika madhehebu yetu ya Shafi mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Na nyumba ni amana kwa mpangaji. Akiiharibu kwa kupuuza, hulipa.

Serikali nayo ina hukumu yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 1965 iliweka kuwa mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi hatolewi, wala kodi haizidishwi, ila kwa ilani ya miezi miwili.

Basi andikianeni, na kila kodi itolewe risiti. Kalamu huzuia ugomvi ambao kufuli huuzidisha. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.