Pima Kamba kwa Bega Lako

Kesho alfajiri, kabla ukungu haujapanda kutoka mabonde ya Manga, watu wa Kebirigo, Nyansiongo, Kiamokama, Nyamache na Ogembo wataingia kwenye chai wakiwa na vikapu mgongoni. Kila kikapu kina kamba zake, na mara nyingi kamba hizo zilifungwa na mtu mwingine, kwa kipimo cha bega la mtu mwingine. Mama aliacha kikapu, binti akakirithi pamoja na mafundo yake yote. Au mwenye shamba alinunua vikapu vya aina moja sokoni, akawagawia vibarua ambao hawalingani kwa kimo, kwa umri wala kwa afya. Wewe ukakivaa, kikakuuma, ukasema kazi ni kazi.

Nakuomba uache kusema hivyo. Maumivu ya bega si sehemu ya kazi ya kuchuna chai. Kazi yako ni majani mawili na chipukizi. Hakuna kilo inayoongezeka kwenye mizani kwa sababu mwenye kikapu aliumia.

Tazama kinachotokea. Kamba nyembamba ya nailoni yenye upana wa sentimita 1 ikibeba kilo 15, uzito wote huo unaminywa kwenye ufito mwembamba wa nyama. Badilisha ukanda uwe na upana wa sentimita 5, na uzito uleule unatandazwa mahali pakubwa mara tano. Hujapunguza hata jani moja, ila bega limepumua. Na chini ya ngozi ya bega, kati ya shingo na kwapa, nyuma ya mtulinga, inapita mishipa ya fahamu inayokwenda mpaka ncha za vidole. Kamba ikiikandamiza saa baada ya saa, mkono unaanza kufa ganzi, vidole vinachomachoma kama vimeguswa na upupu, na jioni kikombe kinakuponyoka. Wanajeshi wanaobeba mabegi mazito wanaujua ugonjwa huu, na madaktari wao wameandika kuuhusu. Bega la mchuma chai halina mishipa tofauti na la mwanajeshi.

Wapo watu mbali sana nasi ambao wamelifikiria jambo hili kwa makini kuliko sisi, nao hata hawabebi mzigo. Huko Japani kuna sanaa ya kufunga mwili wa mtu kwa kamba, sanaa ya watu wazima wanaokubaliana kwa hiari yao. Chanzo chake ni ufungaji wa wafungwa enzi za Edo, kati ya 1603 na 1868. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasanii kama mchoraji Ito Seiu waliugeuza kuwa jambo la picha na jukwaa, na leo unafanywa duniani kote kwa kamba za juti au katani. Usiharakishe kugeuza uso. Sikiliza wanachofundishana. Kabla kamba haijagusa ngozi, anayefunga anauliza: umewahi kuvunjika wapi, bega gani lina shida, una ujauzito, una kisukari, mkono wako unafika mpaka wapi ukiuzungusha nyuma? Mkao mmoja unaomfaa kijana mwembamba unaweza kumuumiza mama mnene au mzee mwenye mabega yaliyokakamaa, basi unabadilishwa, unalegezwa au unaachwa kabisa. Wanaiogopa hasa sehemu ya nje ya mkono wa juu, ambako mshipa wa fahamu unapita karibu na mfupa. Anayefungwa akisema nasikia ganzi, kamba inafunguliwa hapohapo, na mkasi uko karibu.

Ikiwa watu wanaofunga kamba kwa hiari, kwa muda mfupi, wanauliza maswali yote hayo, sisi tunaovaa kamba mvua na jua ili watoto wasome, mbona hatujawahi kuulizana hata moja?

Basi tuulizane. Wewe uliye mfupi, kikapu kikikugonga makalioni kila unapopiga hatua, kamba ni ndefu mno. Ikaze mpaka kitako cha kikapu kikae juu ya nyonga, nyonga isaidie kubeba. Wewe uliye mrefu, kamba fupi inakivuta kikapu mpaka shingoni na kukulazimisha uiname hata ukiwa umesimama. Wenye mabega yanayoteremka, ambao kamba huwaponyoka kila dakika, fungeni kitambaa kifupi kifuani kinachounganisha kamba ya kulia na ya kushoto. Mtashangaa jinsi mlivyokuwa mkipoteza nguvu kwa kuinua mabega tu ili kamba isianguke.

Mama anayenyonyesha, sikia hili kwa uzito. Kamba inayopita juu ya titi na kulibana inaweza kuziba njia za maziwa. Titi linavimba, linakuwa na joto, homa inafuata. Sogeza kamba ipite kando, karibu na kwapa lakini isiingie ndani ya kwapa, na uweke leso iliyokunjwa chini yake. Mwenye mimba asifunge chochote tumboni, na kikapu chake kimwagwe kingali chepesi. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi, au aliyevunjika mtulinga kwenye ajali ya bodaboda, avae ukanda mpana unaoanzia bega zima na kuteremka hadi nyonga ya upande wa pili. Hivyo mzigo hauligusi bega lililoumia. Mwenye kisukari aukague mwili wake jioni, kwa macho yake au kwa macho ya mtoto wake, maana ngozi yake inaweza kuchubuka bila kumwambia.

Na wewe uliyebaki na mkono mmoja. Najua walivyokwambia. Walisema ukae nyumbani utunze kuku. Kikapu kidogo kikifungwa kiunoni mbele, kikiwa na ukanda wa begani na kamba ya pili ya kukizuia kisiyumbe, mkono wako mmoja unachuma na kudondosha palepale. Hutamfikia mwenye mikono miwili kwa kilo. Chai yako itapokelewa kwenye mizani ileile, na jina lako litaandikwa kwenye daftari lilelile.

Fundi wa nguo pale soko la Daraja Mbili hakati kitambaa kabla hajakuzungushia utepe wake wa kupimia. Hakuulizi kwa nini hufanani na mteja aliyepita. Mwili wako hauna lawama.

Wazee wetu niwaambie jambo moja ambalo litawapa nguvu mbele ya vijana wenye haraka. Kumwaga kikapu mara kwa mara hakutokani na uvivu. Majani mabichi yakishindiliwa yanapata joto, yanageuka rangi ya shaba kabla hayajafika kiwandani, na karani wa kituo cha kununulia chai ana haki ya kuyakataa. Ndiyo maana kikapu kinasukwa kikiwa na matundu, hewa ipite, na gunia la plastiki linakatazwa. Omong'ina, mama mzee, anayechuma kidogo, akatembea mpaka mwisho wa mstari na kuyatandaza kivulini, analeta chai nzuri kuliko kijana aliyekanyagia kikapu mpaka kikajaa pomoni. Anachofanya kwa ajili ya magoti yake ndicho kiwanda kinachokitaka.

Vifaa havitaki pesa nyingi. Blanketi kuukuu likatwe vipande, gunia la katani likunjwe mara nne na kushonwa, au tyubu ya ndani ya gurudumu ikatwe na kufunguliwa iwe ukanda mpana. Fundo liwe la kitanzi, linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwa sababu miteremko yetu inateleza na anayeanguka na kikapu anahitaji kukivua haraka. Muombe mwenzako asimame nyuma yako aangalie kama kikapu kimelala upande. Mwenye kuvaa hajioni mgongo. Baada ya nusu saa ya kuchuma, kunja na kunjua vidole vyote. Kama kuna ganzi, vua, sogeza kamba, jaribu tena. Usingoje ipite yenyewe.

Kwa waajiri sina maneno matamu. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba vifaa na kazi vinalingana na mfanyakazi na uwezo wake, na inamkataza kumbebesha mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Hayo yameandikwa tayari, hatuhitaji mbunge ayabuni. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 nayo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na hali yake. Kikapu cha kiunoni ni kifaa. Ukanda mpana ni kifaa. Mwenye shamba anayenunua vikapu kumi vya kipimo kimoja amenunua nusu tu ya anachopaswa kununua.

Tena msiishie kwenye chai. Yule anayeshusha mikungu ya ndizi kutoka Nyamira akiwa na ngata kichwani, yule dada anayembeba mdogo wake kwa leso akienda shule, mzee wa Tabaka anayejifunga mawe ya sabuni mgongoni, wote wana kamba, kitambaa au fundo linaloweza kusogezwa vidole viwili na kubadilisha siku nzima.

Kwa hiyo usiku huu, kabla hujalala, toa kikapu nje ya jikoni. Kata fundo la zamani, hata kama lilifungwa na mtu unayemheshimu. Vaa, pima, funga upya, jaza viazi uone kinavyokaa, kisha uite na wa nyumbani mwako mmoja mmoja umpimie chake. Na kituo chenu kitakapofanya mkutano, kabla hesabu za bonasi hazijaanza, simama, itaje sheria kwa mwaka wake, na uwaulize viongozi ni lini vikapu vitakuja katika vipimo vitatu badala ya kimoja.